Poda Isiyoonekana

Leo nimeaibika gizani, na bado kanisa zima limeniona.

Naandika mapema kwa sababu habari imeshaanza kutembea, na najua itawafikia ikiwa na chumvi. Afadhali muipate kwangu. Chumvi yangu ni kidogo.

Kwa wale ambao hatujuani vizuri, mimi ni nesi. Niko kwenye kituo cha afya upande wa Kathonzweni. Kwetu ni Kitui, na watu wa Makueni hawachoki kunikumbusha hivyo. Wananiita Daktari Kilonzo. Mwaka wa kwanza nilijaribu kuwasahihisha. (Mwaka wa pili nikaacha. Jina lilikuwa limeanza kunikaa vizuri.) Nusu ya kazi yangu ni sindano na vidonda. Nusu nyingine ni kuzunguka vijijini kuongea na watu kabla hawajaugua, pamoja na watu wa kujitolea wanaokuja kutusaidia kutoka kila upande.

Sasa, kuna kijiji kimoja, jina nalihifadhi. Pampu ya kisima chao iliharibika na watu wakarudi kuchota maji kwenye silanga, lile bwawa ambalo ng'ombe nao hunywea. Watoto wakaanza kuharisha. Tukawapokea kituoni mmoja baada ya mwingine, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Nikaenda kijijini kuongea habari za kunawa mikono kwa sabuni. Walinisikiliza vizuri. Waliitikia kwa vichwa. Walinipa hata papai. Kisha wakaenda zao na mikono yao vile vile.

Nikarudi tena. Safari hii kuna bibi mmoja alinijibu. Anaitwa Syombua, na kijiji chote kinamwita Susu, yaani nyanya. Susu Syombua akisema jambo, akina mama wengine huwa wameshakubali.

"Daktari," akasema, "hiyo maji unataka nimwage kwa mikono, punda ndiye ameleta kutoka huko chini. Nikimwaga, mbuzi itakunywa nini? Na hiyo uchafu unasema, mimi siioni. Wewe unaiona?"

"Haionekani kwa macho, Susu."

"Haya. Siku ikionekana uniite."

Wiki hiyo hiyo mjukuu wake alilazwa kwetu, akawekewa maji ya mshipa. Alipona. Lakini nilimwona Susu amekaa kando ya kitanda, ameshika mguu wa yule mtoto. Nikajua sina budi kutafuta njia ya kufanya huo uchafu uonekane.

Njia ililetwa na Mwende. Mwende ni nesi kutoka Norwei, amekuja kujitolea kwa miezi kadhaa. Jina lake halisi lina herufi ambazo simu yangu haina, kwa hivyo akina mama wakambatiza Mwende, anayependwa. Kiswahili alisomea Unguja. Anaongea Kiswahili kilichonyooka kiasi kwamba mimi nikimjibu nasikia kama nimevaa viatu vya ndugu yangu. Alikuja na kopo la poda ya kufundishia. Ukiipaka mikononi huioni. Lakini ukizima taa na kuimulika kwa tochi yake ya zambarau, inawaka kijani. Kila ulichokigusa kinawaka. Kila aliyekugusa anawaka.

"Haina madhara yoyote," Mwende akaniambia. "Ila inashika sana."

(Hilo la mwisho ningelisikiliza vizuri zaidi.)

Nikamwendea Pasta Muthama, anayechunga kanisa la pale kijijini. Pasta ni mtu mpole, haongei haraka. Akasema kama nataka kuwapata watu wote pamoja, nije leo, kwa sababu leo kanisa linafunga na kuomba kwa ajili ya watoto. Wakimaliza kuomba, nitapewa nafasi. Kisha watafungua kwa chakula pamoja.

"Lakini siku hiyo sisi hatuli mpaka tufungue," akasema. "Na wewe utafunga na sisi?"

"Bila shaka, Pasta."

Lilinitoka haraka. Siku bado ilikuwa mbali na nilikuwa nimeshiba.

Chakula chenyewe kilikuwa cha Mama Zuhura. Mama Zuhura anatoka Mwingi, jamaa zake walitoka pwani zamani wakafungua duka pale na hawakurudi tena. Yeye na wenzake Waislamu hujitolea kupika kwenye kliniki zetu za nje. Mara ya kwanza alipokuja kijiji hiki, kuna waumini waliuliza kama ni sawa akina mama wa buibui kupika kanisani. Mjadala uliisha walipoonja sambusa. Siku hizi wanauliza kama atakuja kabla ya kuuliza kama daktari atakuja.

Sasa njooni leo.

Jana jioni nilikula vizuri, nikiwa na nia safi. Asubuhi sikunywa hata chai. Nikapanda pikipiki, Mwende nyuma, poda begani. Tulipofika kanisani, tumbo lilikuwa limeanza kuongea, lakini kwa heshima.

Mpango ulikuwa hivi. Mimi nijipake poda, nisimame mlangoni, nimsalimie kila anayeingia kwa mkono. Huku kwetu hiyo si kazi ngumu. Ukimnyima mtu mkono, ataulizia kosa lake mpaka kwa shangazi zako. Nikajipaka mpaka katikati ya vidole. Watu walipozidi, nikajipaka tena. Nikawasalimia wazee, nikawasalimia akina mama, nikamshika Susu Syombua mikono yote miwili. Mjukuu wake alikuwa mgongoni, amenona kidogo. Susu akamshusha, akamfuta pua, akampa kidole ashike.

Kisha maombi yakaanza.

Sina neno na maombi. Lakini maombi ya leo yalikuwa marefu. Waliomba kwa ajili ya watoto. Wakaomba kwa ajili ya mvua. Wakaombea pampu ya kisima, kisha wakamwombea fundi wa pampu kwa jina. Na upepo ulikuwa unatoka upande wa kile chumba kidogo nyuma ya mimbari, ambapo Mama Zuhura alikuwa ameweka masinia. Iliki. Kitunguu. Nyama iliyokaangwa na pilipili kidogo.

Nikamnong'oneza Mwende, "Naenda kuangalia vifaa."

Hakukuwa na vifaa.

Kwenye kile chumba hapakuwa na mtu. Sinia la sambusa lilikuwa mezani, limefunikwa kitambaa cheupe. Nikakifunua ili nione tu. Ziko sambusa za viazi na ziko za nyama, na kwa nje zinafanana. Ya nyama ukiibonyeza haizami. Kwa hivyo nikabonyeza. Nikabonyeza hii, nikabonyeza ile, nikabonyeza za chini na za pembeni, mpaka nikapata moja imara. Nikala nikiwa nimesimama. Nikala ya pili ili kuthibitisha. Ya tatu nikaifunga kwenye tishu, nikaitia mfuko wa shati, karibu na moyo. Nikajipangusa mdomo kwa mkono.

Ubaya wa kitu kisichoonekana ni kwamba ukishakaa nacho kwa muda unasahau kuwa kipo. (Hiyo ndiyo mada niliyokuwa nimekuja kufundisha.)

Nilikuwa narudisha kitambaa Mama Zuhura akaingia.

"Aa, mwanangu! Wafanya nini huku peke yako?"

"Natazama tu, Mama. Kama chakula kimefunikwa vizuri. Nzi."

Akanitazama usoni. Nilikuwa na pilipili kooni, machozi yako karibu.

"Na wewe umefunga pamoja nao?"

"Nimefunga, Mama."

"Masikini! Tazama macho yalivyolegea. Na bado umesimama mbele ya chakula hukukigusa." Akanishika bega. "Mola akulipe kwa nia yako. Nenda kaketi, usije ukaanguka."

Nikaenda nikaketi. Ningeweza kusema ukweli pale, na habari ingeishia kati ya mimi na yeye na sinia. Sikusema. Nilimeza mate, pamoja na kipande kilichokuwa kimebaki kwenye jino.

Mnajua Mama Zuhura alifanya nini? Alimwendea Pasta.

Maombi yalipoisha Pasta akasimama kunikaribisha. Hakuwa na haraka.

"Ndugu zangu, kuna wafanyakazi wa serikali wakija hapa wanataka soda kwanza. Huyu kijana wa Kitui amefunga na sisi. Mama Zuhura amenieleza sasa hivi kwamba amemkuta mbele ya sambusa, macho yamelegea, anafukuza nzi. Hakugusa! Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Akina mama wakapiga vigelegele. Susu Syombua naye akapiga, polepole, kama mtu anayefikiria upya jambo fulani.

"Daktari, tupe neno moja juu ya kufunga."

Ningeweza kusema asante na kuendelea. Badala yake nikashika maikrofoni na kusema, "Ndugu zangu, mwili ukinyimwa, roho inasikia." Sijui lilitoka wapi. Watu wakaitikia Amina, na sambusa mfukoni ilikuwa bado ina joto.

Tukaanza somo. Vijana wa kwaya wakaziba madirisha kwa mablanketi na leso, mlango ukafungwa, kanisa likawa giza. Mwende akawasha tochi yake. Kitu cha kwanza kuwaka kilikuwa shati jeupe la Pasta, kwa sababu ya sabuni ya unga. Lilitoa mwanga wa buluu. Kuna watu nyuma wakasema Amina. Mwende akaeleza kwa utaratibu kwamba ni sabuni tu, na Amina ikapungua.

Kisha akamulika viti vya mbele. "Tafadhali, inueni mikono yenu."

Wakainua. Ikawaka. Vidole, viganja, kucha. Watu wakapiga kelele, wengine wakaficha mikono kwapani, wengine wakaanza kujifuta kwenye nguo, na nguo nazo zikawaka. Mzee mmoja alikuwa na alama juu ya kipara. Mwingine sikioni. Mwende akawaeleza: hii si uchafu, ni mfano wa uchafu. Mikono yenu ilikuwa safi mkitoka nyumbani. Mmeigusa mlangoni, bila kuiona.

Akafika kwa Susu Syombua. Mikono ya Susu ilikuwa kijani yote miwili. Susu akaigeuza, akaitazama. Kisha tochi ikashuka hadi kwa mtoto aliyekuwa mapajani mwake. Pua ya mtoto ilikuwa inawaka. Kidevu kilikuwa kinawaka. Kidole gumba kilikuwa kinawaka, na kilikuwa mdomoni.

Nilimsikia Susu akivuta pumzi.

Hapo nilifurahi, si kwa kujivuna, au kwa kujivuna kidogo tu. Nilifurahi kwa sababu hatimaye kitu kilikuwa kimeingia. Ningekufa wakati ule, ningekufa nikiwa mtu mzuri.

"Na imetoka kwa nani?" Mwende akauliza, kwa sauti ya mwalimu.

"Kwa Daktari!" wakajibu.

"Basi na tumtazame Daktari!"

Hilo lilikuwa kwenye mpango. Nikainua mikono, nikitabasamu. Viganja vikawaka kama taa za barabarani. Watu wakacheka. Mwende akapandisha tochi kifuani, akapandisha shingoni, akafika usoni. Akasimama.

Akasogea karibu. Akakunja uso. Mwende ni mtu wa sayansi, akiona kitu asichokielewa hakiachi.

"Daktari," akasema, "mbona midomo yako inang'aa?"

Angesema kwa Kinorwei. Angesema hata kwa Kiingereza, nusu ya kanisa ingepotea njiani. Lakini alisema kwa kile Kiswahili chake cha Unguja, kila neno limenyooka, likafika mpaka kiti cha mwisho.

"Nilijifuta jasho," nikasema.

"Na meno?"

Nikafunga mdomo. Tochi ikateremka, ikakuta mfuko wa shati. Mfuko ulikuwa na alama za vidole vinne, safi kabisa.

"Na mfukoni mna nini?"

Hakuwa na nia mbaya. Nataka hilo lieleweke. Alidhani tumegundua jambo jipya la kitaalamu.

Kabla sijajibu, sauti ya Mama Zuhura ikatoka gizani, taratibu.

"Hebu nileteeni lile sinia langu."

Kuna safari fupi ambazo mtu huziona ndefu. Sinia lilibebwa kutoka chumbani hadi mbele ya mimbari, na muda wote huo mimi nilikuwa nimesimama, mikono juu, kama mtu aliyekamatwa. (Hakuna aliyeniambia niishushe.) Mama Zuhura akaondoa kitambaa. Mwende akamulika.

Marafiki, nilikuwa nimezibonyeza nyingi kuliko nilivyodhani.

Kila sambusa ilikuwa na alama ya dole gumba. Nyingine zilikuwa na mbili. Na katikati ya sinia, mahali pa zile zilizoondoka, palikuwa na shimo jeusi.

Nikasikia mtu anakohoa. Kumbe si kukohoa. Ni Susu Syombua alikuwa ameanza kucheka. Alicheka bila sauti kwanza, kisha sauti ikaja, kisha akashika kiti cha mbele. "Aiyai! Anafukuza nzi!" akasema. "Daktari anafukuza nzi!" Basi. Kanisa lote likaanguka. Watu walicheka wakipiga viti. Mtu alitoka nje kabisa kwenda kuchekea huko, akafungua mlango, mwanga ukaingia, ukaonyesha jinsi nilivyosimama.

Pasta peke yake hakucheka. Alingoja wapungue.

"Daktari," akaniuliza kwa upole, "tuendelee, au tuombe?"

Nikatoa ile sambusa mfukoni, nikaiweka mezani. Nikasema nimekula mbili, na hii ilikuwa ya tatu, na sikufunga, na nimemdanganya Mama Zuhura mbele ya macho yake. Maikrofoni ilikuwa bado imewashwa. Nilitaka sana kwenda kwenye pikipiki, lakini ufunguo ulikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa chini ya kiti cha Susu.

Mama Zuhura akanisogelea. "Njaa si dhambi, mwanangu," akasema. "Ungeniambia, ningekupa na chai. Lakini dua niliyokuombea, hiyo nairudisha."

Ilikuwa haki yake.

Nilidhani mambo yameisha hapo. Lakini Susu Syombua alikuwa amenyanyuka, mtoto kiunoni, amekuja kulitazama sinia kwa karibu. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Daktari. Hii ingekuwa ni ya choo, sisi sote tungekula?"

"Ndiyo, Susu."

"Na wewe ni mtu wa kusoma, na hukujua uko nayo."

"Sikujua."

Akamtazama mjukuu wake, yule kidole mdomoni. Akakitoa kidole. Kisha akageukia wenzake, na alichosema kilikuwa kifupi kuliko mahubiri yangu yote.

"Maji iko wapi?"

Nje tulikuwa tumetundika kibuyu cha kukanyagia, lile dumu dogo lenye kamba na kijiti, maji yanatoka kidogo kidogo wala hayapotei. Susu akawa wa kwanza. Akaona maji yaliyotumika hayajai hata kikombe, akaniangalia vibaya, kana kwamba nilikuwa nimemficha. Wengine wakapanga foleni nyuma yake. Wakinawa wanarudi ndani kwa Mwende awamulike, na aliyebaki na kijani kwenye kucha anarudishwa kwa makelele. Wazee walishindana. Pasta alirudishwa. Yule wa kipara alirudishwa, akanawa kichwa chote. Kwa muda wote niliofanya kazi hii sijawahi kuona watu wanajipanga kunawa mikono bila kuahidiwa kitu.

Mimi nilisugua midomo kwa sabuni ya kipande. Ina ladha mbaya, na ile poda inashika kweli.

Chakula kilipofika, Pasta akasema anayefaa kukiombea ni Daktari, kwa kuwa ndiye anayekijua. Nikaomba. Sala yangu iliitikiwa kwa Amina kubwa kuliko zote za leo. Kisha wakagawa pilau, na ndengu, na matunda, na sambusa za sinia la pili ambalo sikulifikia. Lile la kwanza liliwekwa mbele yangu, lote, na Mama Zuhura akasimama hapo mikono kiunoni.

"Ulizozibonyeza ni zako. Kula."

Nyingi zilikuwa za viazi.

Tulipokuwa tunafunga vitu, Susu akaja kuniaga. Ameomba vibuyu viwili zaidi, kimoja cha kwake na kimoja cha binti yake. Pia ameomba nisinawe tena mdomo mpaka nipite kwake, kwa sababu mzee wake hakuja kanisani na yeye hawezi kumweleza hii kitu akaamini. Nimepita. Mzee amenimulika mwenyewe kwa tochi ya Mwende. Amefunga madirisha, amefurahi, amenipa kuku.

Nilidhani nitafika nyumbani kabla ya habari. Nilikuwa bado njiani simu ikalia. Mama yangu, kutoka Kitui. Hakunisalimu. Aliuliza tu, kwa uchungu wa kweli, kama siku hizi kwangu hakupikwi. Nilimjibu kwamba kunapikwa. Nilipofika mlangoni, nikakuta ameshampigia mke wangu pia.

Kwa hivyo nawaomba, mkicheka, mchekee huko huko kwenu. Hapa nyumbani bado haijaamuliwa kama hili ni jambo la kuchekesha.